Barua Pepe ya Kampuni Moja kwenye Intaneti ya Kampuni Nyingine

Barua pepe inayoingia na inayotoka hazipiti njia moja. Inayoingia hufuatwa na programu ya simu au kompyuta kwenye seva inapohifadhiwa: mwenye akaunti hutaja jina na neno la siri, seva humtambua, barua zikashuka. Inayotoka hukabidhiwa seva nyingine, au kitengo kingine cha seva hiyo hiyo, ambacho kazi yake ni kuisukuma hadi kwa kampuni inayomhifadhia barua anayeandikiwa. Njia ya kwanza ilidai neno la siri tangu mapema. Ya pili ilizaliwa bila ulinzi wowote, na ulinzi wake ukaja kuongezwa kipande baada ya kipande. Ndiyo sababu mtu anaweza kuketi mjini Nyeri akasoma barua zake zote bila shida, kisha jibu alilotuma likakwama kwenye Outbox kutwa nzima.

Wanaopatwa zaidi na tatizo hili ni wale wanaohama kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na katika miji inayouzunguka Mlima Kenya karibu kila anayefanya kazi kwa kompyuta ni mmoja wao. Mwalimu ana faiba nyumbani Ruring'u, anatumia hotispoti ya simu ndani ya matatu ya kwenda Karatina, na shuleni anakuta intaneti ya kampuni ya tatu. Shamba la maua upande wa Timau limewekewa Starlink, iliyoanza kutoa huduma Kenya Julai 2023, lakini anwani za wafanyakazi ziko kwenye seva ya kampuni ya Nairobi. Anayesoma Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi hutumia mtandao wa chuo mchana na bando la simu usiku. Kifaa ni kile kile na anwani ni ile ile. Kinachobadilika ni kampuni inayobeba data. Kwa anayetuma hati za zabuni zinazofungwa saa nne asubuhi, au fomu ya basari siku ya mwisho, barua iliyokwama ni hasara halisi.

Chanzo cha mkwamo huo ni cha kihistoria. Kanuni za kutuma barua pepe zinazojulikana kwa herufi SMTP ziliandikwa na Jonathan Postel mnamo Agosti 1982, wakati kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache na wenyewe wakijuana. Seva ilipokea barua kutoka kwa yeyote, ya kwenda kwa yeyote, ikaisukuma mbele bila kuuliza. Intaneti ilipofunguliwa kwa biashara katika miaka ya 1990, wasambazaji wa barua taka waligundua kwamba seva ya chuo au ya kampuni yoyote duniani ingeweza kuwabebea matangazo yao bila malipo. Wenye seva walijikinga kwa njia iliyokuwa rahisi wakati huo: seva ikawa inahudumia tu kompyuta iliyounganishwa na mtandao wa kampuni yenyewe. Kilichokaguliwa ni anwani ya IP, ile namba ambayo kifaa hupewa kinapoingia mtandaoni.

Kenya iliingia kwenye intaneti kipindi hicho hicho. Africa Online ilianza katikati ya miaka ya 1990, na kampuni nyingine kama Wananchi Online zikafuata. Mteja aliunganishwa kwa modemu kupitia laini ya simu ya mezani, akapewa anwani ya IP ya kampuni yake pamoja na anwani ya barua iliyoishia kwa africaonline.co.ke, wananchi.com au swiftkenya.com. Intaneti na barua pepe vilinunuliwa kwa pamoja, hivyo ukaguzi wa IP haukumsumbua. Ulimsumbua siku aliyohamia kampuni nyingine na kubaki na anwani ya zamani, au alipoingia saiba iliyounganishwa na kampuni tofauti. Seva yake mwenyewe ilimwona mgeni. Hotmail, iliyoanza 1996, na Yahoo Mail ya 1997 ziliwafaa watu wa namna hii kwa sababu zilikuwa za bure na zilifunguka kwa kivinjari popote pale.

Kampuni za wakati huo zilikuwa zimetengana hata kwa maana nyingine ambayo leo imesahaulika. Barua kutoka kwa mteja wa kampuni moja kwenda kwa jirani yake wa kampuni nyingine ilipanda setilaiti, ikapita ng'ambo, ikarudi Kenya kwa setilaiti. Kituo cha kubadilishana data humu nchini, KIXP, kilifunguliwa Novemba 2000, kikafungwa baada ya majuma mawili kwa sababu Telkom Kenya ililalamika kwamba kinaingilia haki yake ya pekee, kisha kikafunguliwa tena Februari 2002. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilizofika Mombasa mwaka 2009 zilimaliza utegemezi wa setilaiti. Umbali ukaacha kuwa tatizo, lakini ukaguzi wa SMTP ulibaki pale pale.

Kizuizi cha pili kiko upande wa kampuni ya intaneti yenyewe. Kila huduma kwenye seva ina mlango wake wenye namba, na mlango wa asili wa SMTP ni namba 25. Kompyuta ya nyumbani iliyoshikwa na virusi inaweza kutumia mlango huo kumwaga barua taka moja kwa moja kwa seva za dunia nzima bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo kampuni nyingi za intaneti, duniani kote, huufunga kwa wateja wa kawaida: data inayotaka kutoka kwenda mlango 25 wa nje hairuhusiwi kupita. Mpango huo ni mzuri na haufai kulaumiwa. Wateja wengi wa laini za simu na hata wa faiba hutumia anwani moja ya IP ya nje kwa pamoja, kwa kuwa anwani za mtindo wa zamani zimekwisha; mmoja akiambukizwa, jina baya huwaangukia wote. Shirika la Spamhaus, ambalo orodha zake hutumiwa na seva nyingi kuchuja barua, lina orodha maalum ya anwani za IP za wateja wa kawaida ambazo hazitarajiwi kutuma barua moja kwa moja. Kuwa kwenye orodha hiyo si adhabu. Maana yake ni kwamba barua za mteja huyo zinapaswa kupitia seva inayomfahamu.

Kwa hiyo aliye na akaunti kwa kampuni A na intaneti ya kampuni B hukumbana na mambo mawili. Akitumia mlango 25, kampuni B humzuia asifike. Akifika bila kujitambulisha, kampuni A humkataa kwa sababu ametokea mtandao wa nje. Tiba ya yote mawili ni moja nayo ni ya zamani: mlango 587. Waraka wa Desemba 1998 ulioandikwa na Randall Gellens na John Klensin ulitenga mlango huo kwa ajili ya mtu anayewasilisha barua yake mwenyewe, na mlango 25 ukabaki wa seva kuzungumza na seva. Mwaka uliofuata zikatoka kanuni za seva ya kutuma kudai jina na neno la siri. Tangu hapo hakuna sababu ya seva kujali mteja ameunganishwa na nani. Kiwanda cha kahawa cha ushirika kule Mathira hakimuulizi mkulima amepitia barabara gani. Humuuliza namba yake ya uanachama, kikapima cheri na kuandika. Seva iliyopangwa vizuri hufanya hivyo hivyo.

Mlango wa tatu, 465, una historia ya kuyumba. Uliandikishwa 1997 kwa ajili ya barua zilizofungwa kwa usimbaji tangu mwanzo wa mazungumzo, ukaondolewa mwaka uliofuata, lakini kampuni hazikuacha kuutumia, na Januari 2018 waraka namba 8314 ukaurudisha rasmi na kuupendekeza. Tofauti yake na 587 ni ndogo: kwenye 465 usimbaji unaanza papo hapo, na kwenye 587 mazungumzo huanza wazi kisha yakafungwa kwa amri iitwayo STARTTLS. Yote miwili ni salama ikipangwa sawasawa. Kuwepo kwa milango miwili kuna faida kubwa katika maisha ya kila siku, kwa sababu mtandao wa hoteli au wa ofisi unaofunga mmoja mara nyingine huacha mwingine wazi.

Mipangilio yenyewe huchukua dakika chache kama taarifa sahihi ziko mkononi. Tuchukue mfano wa duka la pembejeo la Karatina lenye anwani ya co.ke iliyohifadhiwa kwa kampuni ya Nairobi. Kwenye Thunderbird au programu ya barua ya simu, seva ya kupokea itakuwa mail ikifuatwa na jina la kikoa cha duka, yaani ile sehemu ya anwani iliyo baada ya @, aina ya IMAP, mlango 993. Seva ya kutuma huwa na jina hilo hilo au linaloanza kwa smtp, mlango 465 kwa SSL/TLS au 587 kwa STARTTLS. Jina la mtumiaji ni anwani yote pamoja na alama ya @, si sehemu ya kwanza pekee. Halafu linakuja kosa linalowakamata wengi: sehemu ya uthibitisho kwa seva ya kutuma, ambayo programu nyingi za zamani huiacha ikiwa imezimwa. Ikizimwa, barua hutoka vizuri siku ambayo mtumiaji yuko ofisini, kwa sababu huenda seva bado inaiamini IP ya ofisi, na hukwama akifika nyumbani. Hapo mtu huilaumu faiba ya nyumbani ilhali haina kosa.

Onyo kuhusu cheti, ile hati ya kidijitali inayothibitisha seva, nalo linahitaji subira. Ikiwa programu inasema cheti cha seva hakilingani na jina, mara nyingi ni kwa sababu kampuni ya uhifadhi ina cheti cha jina la seva yake na si cha kikoa cha mteja. Dawa ni kuandika kwenye mipangilio jina la seva lililotolewa na kampuni. Kubonyeza kitufe cha kukubali tu ili barua iende ni hatari, hasa kwenye waifai ya hoteli au kituo cha mafuta, kwa kuwa onyo lile lile hutokea pia pale ambapo mtu wa kati anajaribu kunasa neno la siri.

Wenye akaunti za Gmail na Outlook wana jambo la ziada. Tarehe 30 Mei 2022 Google ilianza kukataa neno la siri la kawaida kwenye programu za nje kwa akaunti za watu binafsi, na Microsoft ikafanya kama hivyo kwa akaunti za Outlook.com Septemba 2024. Programu za kisasa hufungua ukurasa wa Google au Microsoft wenyewe ili mtumiaji aingie huko, kisha hupewa kibali badala ya neno la siri. Kwa vifaa visivyoweza kufanya hivyo, Google hutoa neno la siri la programu, lenye herufi 16, kwa akaunti iliyowashiwa uthibitisho wa hatua mbili. Mashine za kunakili zinazopiga skani na kutuma kwa barua pepe, zilizo katika ofisi nyingi za shule na saiba, ni mfano mzuri: nyingi ziliacha kutuma bila mtu kugusa kitu chochote, na fundi akaitwa kubadilisha kebo na rauta. Kilichohitajika ni neno la siri la programu tu, pamoja na smtp.gmail.com kwenye mlango 587 au 465.

Barua inapokataa kwenda, ujumbe wa kosa husema mengi kuliko inavyodhaniwa, na ni vyema uandikwe au upigwe picha kabla ya kufungwa. Programu ikisubiri muda mrefu kisha ikasema muda umekwisha, seva haikufikiwa kabisa: mlango umefungwa njiani, jina la seva lina kosa, au mtandao wenyewe ni dhaifu. Namba 535 maana yake seva imefikiwa lakini imekataa jina au neno la siri. Namba 530 inaonyesha kwamba uthibitisho haujawashwa. Namba 550 au 554 yenye maneno "relaying denied" au "relay access denied" ni ile hali ya zamani ya mgeni asiyejitambulisha. Namba 552 kwa kawaida huhusu ukubwa wa kiambatisho au sanduku lililojaa. Anayejua namba hizi hahangaiki kuzima na kuwasha rauta kwa tatizo lililo kwenye neno la siri.

Jaribio la haraka zaidi la kutofautisha kosa la mtandao na kosa la akaunti ni kuzima waifai na kuunganisha kompyuta kwa hotispoti ya simu ya kampuni nyingine, kisha kutuma barua ile ile. Ikienda, mtandao wa kwanza ndio unaozuia. Ikikataa kwa ujumbe ule ule, kosa liko kwenye akaunti au mipangilio. Kwenye kompyuta ya Windows kuna kipimo cha uhakika zaidi. Katika dirisha la PowerShell huandikwa amri Test-NetConnection smtp.gmail.com -Port 587, au jina la seva husika badala ya hilo la Google. Mstari wa mwisho ukisema TcpTestSucceeded : True, mlango uko wazi na hakuna haja ya kuwapigia simu watu wa intaneti. Ukisema False kwa 587 na True kwa 465, jibu limepatikana. Inafaa kukumbuka kwamba programu ya kuzuia virusi nayo huweza kuingilia barua zinazotoka, na kipimo hiki hakitaionyesha.

Kuna ushauri wa zama za modemu ambao bado unatolewa na mafundi wengine: kila mtu atumie seva ya kutuma ya kampuni ya intaneti aliyounganishwa nayo, aibadilishe anapohama. Ushauri huo ulikuwa na mantiki wakati wake. Leo una madhara, na anayeufuata huona barua zake "zimekwenda" lakini haoni majibu. Sababu ni ukaguzi wa upande wa mpokeaji. Mwenye kikoa huweka kwenye kumbukumbu zake za DNS, yaani daftari la majina ya intaneti, mstari unaotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lake. Kanuni hiyo huitwa SPF. Kwa kikoa kinachotumia huduma ya Google, mstari huo huwa v=spf1 include:_spf.google.com ~all. Seva ya Gmail au ya wizara ikipokea barua ya duka la Karatina kutoka kwa seva ya kampuni ya intaneti isiyotajwa kwenye mstari huo, huishuku, huitupa kwenye folda ya barua taka au huikataa kabisa. Mfumo wa DKIM huongeza sahihi ya kidijitali ambayo seva ya kweli pekee inaweza kuitia, na DMARC humruhusu mwenye kikoa kusema barua zisizopita ukaguzi zifanywe nini.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti haya kwa kila anayetuma kwenye masanduku yao, na wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwa wateja wa Gmail hutakiwa kuwa na zote tatu. Chama cha ushirika cha Othaya au shule ya Kerugoya haifikii idadi hiyo, lakini kwa Google hata mtumaji mdogo anatakiwa kuwa na SPF au DKIM. Kosa la kawaida ni kuweka mistari miwili ya SPF, mmoja wa kampuni ya tovuti na mwingine wa kampuni ya barua. Kanuni inaruhusu mmoja tu. Miwili huhesabiwa kama kosa, na ulinzi wote hupotea. Seva zote halali huunganishwa katika mstari mmoja.

Katika milima na mabonde ya Tetu, Mukurwe-ini na Chinga, hata mipangilio sahihi hukutana na mtandao unaokuja na kupotea. Kupakia hutaka nguvu zaidi ya kupakua, kwa hiyo simu inayofungua video vizuri inaweza kushindwa kutuma faili kubwa. Kiambatisho kinaposafiri kwa barua pepe hugeuzwa kuwa maandishi, na ukubwa wake huongezeka kwa takriban theluthi moja. Faili ya MB 18 hukaribia kikomo cha MB 25 cha Gmail. Mtandao ukikatika katikati, programu huanza upya kutoka mwanzo, na bando huliwa kwa kila jaribio. Mara nyingine mtandao hukatika baada ya seva kuipokea barua lakini kabla ya kuthibitisha, programu ikaituma tena, mpokeaji akapata nakala mbili. Kwa hati nzito ni busara kupunguza ukubwa wa picha na PDF kwanza, au kuweka faili kwenye hifadhi ya mtandaoni na kutuma kiungo. Mwenye ankara mbili zilizokwama kwenye Outbox aziangalie pia kwenye folda ya zilizotumwa kabla ya kubonyeza tena. Mteja anayepokea ankara moja mara tatu huingiwa na wasiwasi, na ana haki.

Waifai ya hoteli Nanyuki au ya ukumbi wa mikutano ina desturi yake. Mara nyingi kifaa huonyesha kimeunganishwa lakini data haipiti mpaka mgeni afungue kivinjari na kukubali masharti kwenye ukurasa wa kuingilia. Programu ya barua haioni ukurasa huo. Hulalamika tu kwamba seva haipatikani. Hatua ya kwanza, basi, ni kufungua tovuti yoyote. Mitandao ya vyuo nayo ina sera zake: vyuo vilivyounganishwa na KENET, mtandao wa elimu wa Kenya ulioanzishwa 1999, vinaweza kuruhusu milango michache tu. Palipofungwa 587 na 465, njia iliyobaki karibu siku zote ni barua ya kwenye kivinjari, ambayo hupita mlango 443 kama tovuti nyingine zote na haijali kampuni ya intaneti hata kidogo. Kila mwenye akaunti ya kazi anapaswa kuijua anwani ya ukurasa huo kabla ya siku ya dharura.

Saiba inahitaji tahadhari zaidi. Kompyuta ya pamoja haifai kuwekewa akaunti ndani ya programu ya barua. Kivinjari kinatosha, katika dirisha la faragha, na kutoka kwenye akaunti ni sehemu ya kazi. Katibu wa shule anayetuma orodha ya wazazi na namba zao za simu kutoka mahali kama hapo anashika taarifa zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na faili aliyoipakua kwenye Desktop hubaki hapo baada yake. Uthibitisho wa hatua mbili unaotegemea ujumbe wa simu huleta ugumu mwingine pale laini inapokosa mawimbi. Programu ya kuzalisha namba za siri au orodha ya namba za akiba iliyoandikwa kwenye karatasi huondoa ugumu huo.

Ofisi zinazolipia kampuni mbili za intaneti, faiba kwa kazi ya kila siku na laini ya 4G au 5G ya akiba, zinaongezeka kwa sababu nguzo zikianguka wakati wa mvua za Aprili faiba hukatika pamoja nazo. Rauta zinazohamia laini ya akiba zenyewe hubadilisha IP bila mtu kuona. Katika ofisi ya namna hiyo mpangilio wowote unaotegemea IP utaharibika siku ya dhoruba, yaani siku ambayo haukutakiwa kuharibika. Programu ya mhasibu ya kutuma risiti, kamera ya ulinzi inayotuma picha, na mashine ya kunakili vyote vinafaa kukaguliwa kimoja kimoja na kuwekewa mlango 587 au 465 pamoja na neno la siri. Vifaa ambavyo vimesahauliwa kwenye mlango 25 ndivyo vya kwanza kunyamaza.

Suala la mwisho ni anwani yenyewe. Waliochapisha kadi na vibao vya duka kwa anwani ya kampuni ya intaneti walijifunza kwa gharama kwamba anwani hiyo ni ya kampuni. Kampuni hununuliwa, hubadilisha jina, huacha biashara ya wateja wadogo, na sanduku huzimwa. Anayeanzisha biashara Nyeri leo ana sababu nzuri ya kununua kikoa chake cha co.ke kupitia wakala aliyeidhinishwa na KENIC, msimamizi wa vikoa vya .ke, na kukihifadhi popote anapopenda. Kikoa kisajiliwe kwa jina la biashara au la mwenyewe, si la fundi aliyetengeneza tovuti, na tarehe ya kulipia upya iandikwe mahali panapoonekana. Kampuni ya uhifadhi ikizembea, barua huhamishiwa kwingine na anwani inabaki ile ile. Kampuni ya intaneti ikipandisha bei, hubadilishwa bila kugusa barua. Mambo hayo mawili hayapaswi kufungwa kwenye mkataba mmoja hata kama mwuzaji anatoa punguzo, kwa sababu siku ya kuondoka punguzo hilo hulipwa lote.

Kipimo cha kujua kwamba kazi imekamilika ni chepesi. Barua moja itumwe kutoka kwenye faiba ya ofisini na nyingine kutoka kwenye hotispoti ya simu ya kampuni tofauti, zote kwenda kwa anwani ya Gmail ya mtu wa nje. Mpokeaji afungue kila moja na kuchagua "Show original" kwenye Gmail ya kompyuta, ambako SPF na DKIM zinapaswa kusoma PASS. Zikisoma hivyo kwa barua zote mbili bila mpangilio wowote kubadilishwa katikati, programu ya barua iachwe kama ilivyo, hata siku intaneti ya ofisi itakapohamia kampuni nyingine.